Walinzi Wawili, Jicho Moja

Wajukuu zangu wa Lushoto, presha mnaijua hata kabla ya kwenda shule. Maji yanapokuja kwa mserereko kutoka milimani, bomba likizidi kuteremka nayo yanazidi nguvu. Kila mita 10 za kushuka huongeza karibu bar 1. Kutoka hapa mjini hadi Mombo ni kama mita 1,000 kwenda chini. Bomba lisilokatizwa popote lingefika huko na karibu bar 100, na lingepasuka mapema njiani. Ndiyo maana mafundi hujenga matangi ya kuvunja presha mteremkoni. Maji yanaingia, yanakutana na hewa, nguvu inakwisha, kisha yanaanza safari upya.

Gesi huwezi kuiachia hewani hivyo. Ikitoka inatawanyika, ikikuta moto inalipuka.

Gesi asilia yetu inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa mwaka 2015. Humo gesi husafiri kwa makumi ya bar, wakati jiko linahitaji sehemu ndogo tu ya bar moja. Katikati huwekwa kipunguza presha, ndugu yake kile mnachokiona juu ya mtungi wa kilo 15. Je, kikishindwa kazi?

Hapo fundi anachagua mlinzi. Anaweza kuweka vali ya kupumulia, yenye springi inayosukumwa na gesi yenyewe: presha ikipita kiwango, vali inafunguka na kuirusha gesi nje. Ninaipenda kwa sababu haisubiri kuambiwa na mtu. Lakini mdomo wake lazima uwe juu, mbali na madirisha na moto, na kwenye nyumba zilizobanana nafasi hiyo ni adimu. Au anaweka vali ya kukata, inayojifunga ghafla. Hakuna gesi inayomwagika, ila mtaa mzima unazimikiwa majiko, na kabla ya kufungulia tena mafundi wapite nyumba kwa nyumba kufunga koki. Koki iliyosahauliwa wazi itamwaga gesi chumbani bila moto.

Njia ya tatu ni kuweka kipunguza presha cha pili nyuma ya cha kwanza, kikae macho tu. Cha kwanza kikilegea, cha pili kinashika kazi, na hakuna anayelala njaa. Inapendwa sana, na hadithi yangu iko hapo.

Tarehe 13 Septemba 2018, katika miji ya Lawrence, Andover na North Andover, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mafundi walikuwa wakibadilisha bomba kuukuu la chuma. Vipunguza presha vya mtaa vilikuwa viwili, kimoja kikimlinda mwenzake. Kila kimoja kilipima presha kupitia kijibomba chembamba, na vijibomba vyote viwili vilikuwa bado vimeunganishwa na lile bomba kuukuu. Lilipotengwa, presha ndani yake ikashuka. Cha kwanza kikadhani nyumba zimepungukiwa gesi, kikafungua zaidi. Cha pili kikaona vilevile, kikafungua pia. Presha ikapanda kwenye majiko na hita za watu, moto ukazuka nyumba hadi nyumba. Kijana wa miaka 18 alikufa, watu zaidi ya 20 waliumia, majengo zaidi ya 100 yaliharibika. Na vifaa vyote viwili vilikuwa vizima! Mwaka 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayolenga kupunguza hatari ya tukio moja kuangusha ulinzi wote wa vituo vyenye vipunguza presha vya mtaa.

Haya yatawafikia. Serikali yetu ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na msitu wetu wa Magamba unahitaji pumziko hilo. Majiko ya shule yatapata matangi na mabomba ya gesi. Fundi akija kuyafunga, msalimieni kwa heshima, kisha mwulizeni: kipunguza presha kikishindwa, ni kifaa gani kitakachotulinda, na chenyewe kinapimia wapi? Akionyesha bomba lilelile moja, mwiteni mwalimu mkuu aje asikilize jibu.