Mawe ya Moto Yaliyovunja Rekodi, Kuanzia Isingiro

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa hesabu hiyo ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Lakini ardhi ya Wilaya ya Isingiro, Uganda, yalipo makazi hayo, ina wakongwe wa aina nyingine: matale, yaani graniti, yaliyoganda zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Kwa kupoa polepole, matale hayana mshindani katika orodha hii ya rekodi za mawe ya moto. Magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka, haikufika juu. Ilikwama chini sana ya ardhi, mwamba uliokuwa juu yake ukazuia joto lisitoke haraka, na ikapoa kwa miaka mingi mno. Muda huo ndio uliozipa fuwele nafasi ya kukua. Pasua jiwe moja kwa nyundo uutazame uso mpya: felspa nyeupe au ya waridi yenye nyuso bapa, kwatzi ya kijivu inayong'aa, na ulanga unaobanduka kwa ukucha, tabaka kwa tabaka. Kila punje inaonekana kwa macho matupu.

La ajabu ni kwamba jiwe hili tunalolisifu kwa ugumu ndilo lililoshindwa katika nchi hii ya Ankole. Kule Masha, humo humo Isingiro, matale yamelala bondeni huku vilima vya miamba mingine vikiyazunguka. Maji ya mvua yaligeuza felspa kuwa mfinyanzi, punje zikaachana, mito ikazichukua. Miamba ya kwatzi tupu, ambayo maji hayaiozeshi, ilibaki juu. Wanajiolojia huyaita mabonde hayo arena, na msafiri anayetoka Mbarara akiangalia vizuri ataona kwamba uwanda ndio matale na kilima sicho.

Fuwele kubwa kuliko zote huzaliwa mwishoni mwa kazi hiyo hiyo. Matale yanapokaribia kuganda yote, hubaki magma kidogo iliyojaa maji na madini adimu, nayo hupenya nyufani. Maji huifanya iwe nyepesi, viini vya fuwele huwa vichache, na vile vichache hukua bila kugombania nafasi. Jiwe linalotokea huitwa pegmatiti. Rekodi iko Malakialina, Madagaska: fuwele ya berili yenye urefu wa mita 18, iliyokadiriwa kuwa na tani 380. Kusini-magharibi mwa Uganda nako berili imechimbwa, na majimaji ya moto yaliyotoka kwenye matale ndiyo yaliyoleta bati la Mwirasandu na la Kikagati, kule Mto Kagera unakopakana na Tanzania.

Kwa uadimu, taji nawapa majirani wa Mbarara upande wa magharibi. Ukipita Bushenyi kuelekea Kasese unafika Bunyaruguru, nchi ya maziwa ya kreta. Volkano zake zilitoa lava yenye potasiamu nyingi na silika kidogo mno, mchanganyiko unaopatikana mahali pachache sana duniani. Arthur Holmes, Mwingereza aliyetumia urani na risasi kukadiria umri wa dunia, alichunguza mawe haya yaliyokusanywa na Idara ya Jiolojia ya Uganda. Mwaka 1937 aliandika juu ya katungiti, jiwe lenye jina la volkano ya Katunga ya hapa Ankole. Mwaka 1942 ndani ya jiwe kutoka Mafuru, Bunyaruguru, yakatambuliwa madini ambayo sayansi haikuyajua, kalsiliti. Sijui kwa nini watoto wetu hukariri Vesuvius na hawatajiwi Katunga.

Sasa mbio. Wengi wa Nakivale wametoka mashariki ya Kongo, na wa Goma hawahitaji kuelezwa Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kasi yake kwenye miteremko ya juu inakadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Hakuna lava inayojulikana kuipita. Sababu ni silika. Ikiwa nyingi, chembe zake hushikana minyororo na lava huwa nzito kama uji wa ulezi uliokaa. Ya Nyiragongo ina kidogo, hivyo hutiririka. Baada ya kusimama hupoa upesi, fuwele hazipati muda, na jiwe linakuwa jeusi, la punje zisizoonekana, lenye vitundu vya gesi iliyokuwa ikitoka. Mlima ulirudia tarehe 17 Januari 2002, lava ikaingia katikati ya Goma, na tena tarehe 22 Mei 2021. Watu wamekufa mara zote tatu. Mawe hayo meusi ndiyo yanayojenga kuta za mji huo leo.

Lava baridi kuliko zote ni ya Ol Doinyo Lengai, Tanzania: nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Imejaa kaboneti ya sodiamu badala ya silika. Hutoka nyeusi, na ikiguswa na unyevu hugeuka nyeupe.

Kwa kuganda haraka, obsidiani ya Naivasha, Kenya. Ilipoa upesi hata fuwele hazikuwahi kuanza, ni kioo. Vipande vya obsidiani vilivyofukuliwa Olorgesailie vilibebwa na watu wa kale hadi kilomita 95, zaidi ya miaka 290,000 iliyopita.

Na aliyesafiri mbali zaidi ni pomisi, povu la lava lililoganda na gesi yake ndani, jiwe linaloelea. Krakatau ililipuka Agosti 1883. Julai 1884 wanafunzi wa shule ya misheni Zanzibar waliokota pomisi ufukweni, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka huko.

Walimu wa Nakivale na Mbarara, somo hili halihitaji maabara. Nyundo moja, lenzi ya kukuzia na mawe ya njiani vinatosha darasa zima. Anayepiga nyundo avae miwani na wengine wasimame mbali, maana vipande vya kwatzi huruka.