Pikipiki mpya yenye ubovu: sheria inatupa haki gani?

Kwetu Bulengera pikipiki ni shamba la pili. Mama anapokea zamu yake ya likelemba, anaongeza mkopo kidogo, ananunua pikipiki mpya na kuikabidhi kwa kijana wa teksi. Malipo ya kila juma yanasaidia minerval ya watoto na kurudisha mkopo. Pikipiki hiyo ikianza kuzimika mwezi wa kwanza, mkopo haungoji.

Malalamiko ya namna hii tumeyasikia zaidi ya mara moja. Injini inakufa kwenye mlima, mekanisiya anaifungua, kisha siku mbili inakufa tena. Muuzaji anaonyesha maneno ya chini ya faktire: "Kitu kilichouzwa hakirudishwi." Mama anarudi nyumbani akidhani mambo yameisha. Hayajaisha.

Katika Marekani, gari jipya lenye kuharibika kila mara wanaliita ndimu. Jimbo la Connecticut liliweka sheria juu ya magari hayo mwaka 1982: likitengenezwa mara nyingi bila kupona, mwenye kulinunua anaweza kupewa lingine ama kurudishiwa pesa. Kwetu Kongo hatuna sheria ya pekee ya gari ama pikipiki. Lakini tuko na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, na hiyo inagusa hata pikipiki.

Dekreti hiyo inasema muuzaji anajibu juu ya ubovu uliofichika, ule unaofanya kitu kisifae kwa kazi yake, ama ambao mnunuzi kama angeujua hangenunua, ama angetoa bei ndogo zaidi. Mnunuzi anachagua: kurudisha kitu na kupewa pesa yake, ama kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji alijua ubovu huo, analipa pia hasara iliyotokea, na hawezi kujificha nyuma ya yale maneno ya faktire.

Lakini sheria haimsaidii kila mtu. Ubovu ulioonekana wazi siku ya kununua haumo. Pikipiki iliyobebeshwa watu wanne na magunia ya makala, ama isiyobadilishwa oili, mwenyewe atajilaumu. Tena mnunuzi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ubovu ulikuwamo tangu mwanzo. Na sheria inataka ashitaki kwa muda mfupi, bila kutaja hesabu ya siku. Atakayekaa miezi akipokea ahadi za "kesho, kesho" anaweza kupoteza haki yake.

Basi tufanye hivi:

1. Siku ya kununua, tudai faktire yenye jina la muuzaji, tarehe, bei, namba ya shasi na ya injini. Garanti ya mdomo iandikwe.

2. Ikizimika, tusiiache ifunguliwe na mekanisiya wa barabarani. Muuzaji aione kwanza, la sivyo atasema sisi ndio tuliiharibu.

3. Tumwandikie barua yenye tarehe, na kopi yetu aitie sahihi.

4. Akikataa, tumwite mekanisiya mwingine asiye wa upande wowote, aandike alichokiona.

5. Tujaribu kusikilizana mbele ya mashahidi, kwa mfano kwa chefu wa kata. Mapatano yaandikwe.

6. Ikishindikana, kuna tribinali ya amani, ama tribinali kubwa kama bei inapita kipimo cha ile ya kwanza. Hii ni kesi ya mali. Tusikimbilie polisi tukitaka mtu afungwe.

Wengine wanauliza: je, mama aliyeolewa anaweza kwenda tribinali? Ndiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kodi ya Familia ya 1987, iliondoa ile ruhusa ya bwana iliyodaiwa zamani. Hata hivyo sheria hiyo inataka bwana na bibi wasikilizane juu ya mambo yanayowafunga, na ni vizuri kuzungumza nyumbani kabla ya kutoka.

Kesi inakula pesa na siku za soko, kwa hiyo mara nyingi mapatano mazuri ni bora. Lakini muuzaji anasikiliza haraka zaidi anapoona mama ameshika faktire, barua na maandishi ya mekanisiya. Wenye tatizo hili walete karatasi zao kwenye mkutano wetu ujao, tuzisome pamoja na kuandika barua.