Lubumbashi–Kinshasa: ndege masaa mawili, mama siku nzima

Likizo kubwa ikikaribia, au matanga ikitokea Kinshasa, swali ni lile lile: "Nikipanda ndege nitachukua masaa ngapi?" Waliozoea wanajibu: masaa mawili. Ni kweli, ila jibu hilo halimtoshi mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Kutoka Luano hadi N'djili, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1.560. Ndege ya jeti ikiwa juu inakimbia kilomita 800 hivi kwa saa. Ukiongeza kupanda na kushuka, unapata masaa mawili hadi mawili na nusu. Kwa barabara, kupitia Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga na Kikwit, inapita kilomita 2.000, na huko tunahesabu siku, si masaa. Wazee wetu walipanda gari-moshi hadi Ilebo, halafu wakashuka kwa meli kwenye mto Kasai. Ndiyo sababu pesa ya likelemba inaishia mara nyingi kwenye tike ya ndege!

Kinachochanganya watu ni saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, maana iko magharibi na jua linachelewa kufika kule. Ukitoka Luano 10h00, ndege ikatumia masaa mawili, unashuka N'djili 11h00 ya kule. Wakati wa kurudi, ukitoka kule 10h00 unafika hapa 13h00. Ndege haikuchelewa. Kwa hiyo anayekuja kukupokea umwambie ni saa ya mji gani. Mbuji-Mayi na Kananga wanafuata saa yetu, pia Goma, Bukavu na Kisangani.

Kwa anayelala mgeni, saa moja si kitu. Kwa mtoto mwenye dawa, ni kitu. Tuseme anakunywa dawa kila masaa 8, na amekunywa 6h00 hapa nyumbani. Zamu inayofuata ni 14h00 ya Lubumbashi, yaani 13h00 ya Kinshasa. Mama akingoja 14h00 ya ukutani kule, mtoto amekaa masaa 9. Wakati wa kurudi inakuwa kinyume: unampa mapema, baada ya masaa 7. Simu nyingi zinageuza saa zenyewe bila kukuuliza, basi acha saa moja ya mkononi ibaki kwenye saa ya nyumbani. Kwa sindano za sukari au dawa za kifafa, muulize munganga mbele ya safari. Na dawa isiingie kwenye valizi kubwa. Ikae kwenye mfuko wa mkononi.

Sasa hesabu mlango kwa mlango. Unafika Luano masaa mawili mbele, unaruka masaa mawili, unangoja valizi, halafu kuna njia ya N'djili. Kutoka pale hadi Gombe ni zaidi ya kilomita 20, na msongamano wa boulevard Lumumba jioni unaweza kula masaa sawa na ndege yenyewe. Weka maziwa, maji na nepi za masaa 8, si za mawili.

Masikio ya mtoto yanauma zaidi wakati ndege inashuka. Akiwa amelala, mwamshe wakati wanatangaza kufunga mikanda, umpe ziwa mpaka magurudumu yaguse chini.