Ndevu Zina Vishikizo

Agosti 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Gianluca Roscioli na wenzake wawili wa MIT, Marekani, kuhusu jambo ambalo vinyozi wamelizoea bila kulielewa: unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, sasa mbona unaochakaa ni wembe? Jibu lao linamfaa kijana wa Kiboriloni, mjini Moshi, anayetaka kuachana na mashine ya saluni na kujifunza kunyoa ndevu kwa wembe wazi, ule wa kishikio cha kukunja kinachopachikwa nusu ya wembe wa dukani. Namna ya kukishika kishikio sitaieleza. Kinyozi yeyote ataionyesha kwa dakika moja. Ninachotetea ni kwamba anayeanza hushindwa kwa sababu unywele hupinda kabla haujakatika, na karibu kila kanuni ya kunyoa ni hila ya kuuzuia usipinde. Mkono mzito husingiziwa tu.

Roscioli alinyoa ndevu zake mwenyewe, akautazama wembe kwa hadubini ya elektroni. Makali hayakuwa yamesagika taratibu kama ilivyodhaniwa. Yalikuwa na mapengo. Kisha akaunda kifaa kidogo cha kukatia nywele ndani ya hadubini yenyewe. Unywele uliosimama wima mbele ya wembe ulikatika, na makali yakabaki salama. Ulioachwa upinde ndio uliofanya uharibifu: uliyalalia makali ubavuni na kuyasukuma upande, na pale chembe ngumu za chuma zinapopakana na laini, ufa ukaanza, kipande kikameguka. Tukumbuke kwamba wembe wa kawaida una unene wa milimita 0.1, takriban sawa na udevu mmoja, na ncha ya makali ni nyembamba kuliko hapo kwa zaidi ya mara elfu.

Sasa maji, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeungana hasa kwa njia mbili. Baadhi ya wanaoandika kemia kwa Kiswahili huziita zote "bondi", neno lisilomwonyesha msomaji chochote; mimi nitasema vishikizo na mishono. Lichukue shati lolote kutoka soko la mitumba la Kiboriloni. Vipande vyake vimeunganishwa kwa mishono, na kifuani lina vishikizo. Muungano wa haidrojeni katika keratini ni vishikizo: ni vingi mno, kila kimoja ni dhaifu, na hufunguka bila kuharibu nguo. Muungano wa salfa ni mshono, nao hushika hata nguo ikilowa chepechepe. Molekuli za maji zikijipenyeza kati ya nyuzi, hushikamana nazo na kuvifungua vishikizo kimoja baada ya kingine. Shati hulegea, hutanuka ubavuni, lakini urefu wake ni ule ule. Unywele uliolowa nao hunenepa kwa karibu asilimia 15, ilhali hurefuka kwa asilimia moja au mbili tu. Ukikauka, vishikizo hujifunga upya, pengine katika matundu yasiyo yake. Ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi hunyooka mpaka mvua ya kwanza ya masika, kisha hurudi kujikunja: pasi ilihamisha vishikizo tu. Dawa ya kulainisha nywele yenye alkali kali hufumua mishono, na kilichofumuliwa hakirudishwi na mvua. Mnyoaji hana haja ya kufumua. Kufungua vishikizo kunamtosha, na kazi hiyo ni ya dakika mbili au tatu za maji ya uvuguvugu, baada ya sabuni kuondoa mafuta yanayoyachelewesha maji. Povu huja baadaye, ili maji yasikauke mapema na wembe uteleze. Hapo wakazi wa Mlima Kilimanjaro wana bahati, kwa kuwa chemchemi zao hutoka katika miamba ya volkano, wakati maji ya visima vya matumbawe vya Unguja yana chokaa inayoila sabuni kabla haijatoa povu. Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa zako tia maji walikusudia tahadhari, ila na kemia yao ilikuwa sahihi.

Msomaji makini atapinga: kama maji huulegeza unywele, si utapinda kwa urahisi zaidi, na kupinda ndiko tulikokulaumu? Pingamizi ni la haki. Unywele mrefu uliolowa kweli hulala mbele ya wembe, na ndevu za wiki mbili lazima zipunguzwe kwanza kwa mashine. Lakini nguvu inayohitajika kuukata nayo hupungua sana, na udevu mfupi hauna urefu wa kupindia: kinyweleo kimeushika, na wembe hupita karibu kabisa na pale uliposhikwa. Wenzo ukifupika na nguvu ikipungua, unywele hukatika kabla haujapata nafasi ya kulala. Vidole vya mkono wa pili vinavyoinyoosha ngozi huuzuia mzizi usiufuate wembe. Pembe kati ya wembe na ngozi iwe nyuzi 30 hivi. Ikizidi sana, makali hukwangua.

Pingamizi gumu zaidi ni la vipele. Ndevu za kujikunja, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, huwa zimepinda tangu ndani ya kinyweleo. Zikikatwa fupi mno huchongoka, hurudi chini ya ngozi na kuitoboa kutoka ndani. Nyingine hutoka nje, zikajikunja na kuingia tena kando. Ndiyo maana madaktari wa ngozi, ambao Moshi ina kituo chao cha mafunzo cha kanda pale hospitali ya KCMC, kwa kawaida hushauri ngozi isivutwe, ushauri unaoonekana kuiangusha hoja yangu. Kwa maoni yangu tofauti ni ya kiasi. Nyembe za visu vitatu au vitano hufanya kazi kwa kuuvuta unywele kwa kisu cha kwanza ili kinachofuata kiukate kabla haujarudi, na hiyo ndiyo njia hasa ya kuuacha chini ya ngozi. Wembe mmoja hauna mchezo huo. Ngozi inyooshwe mpaka mikunjo ipotee, isivutwe zaidi, na kidevu kikibaki na ukwaruzo kidogo, kiachwe hivyo. Wembe ni wa mtu mmoja, kwa ajili ya kuepuka homa ya ini na VVU. Wembe pia ufuate upande ndevu zinakolalia. Shingoni ndipo wengi hukosea, kwa sababu ndevu za hapo mara nyingi hulala upande, na kulia hakufanani na kushoto. Kabla ya kulowesha, pitisha kidole juu ya ndevu za siku mbili: upande ambao kidole kinateleza bila kukwaruzwa ndio wa kupitisha wembe.