Msemaji, hatibu, mhubiri

Baada ya Misa twasikia watu wakimsifu padri: « Huyu ni msemaji kweli! » Je, sifa hiyo yamfaa? Tuyatazame majina ya wale wanaosema mbele ya makutano, tupate kuyatumia vema.

1. MSEMAJI. Mwisho ule -aji waonyesha tendo la desturi: mlaji hula sana, msemaji husema sana. Basi jina hili lina pande mbili: asemaye vizuri, na asiyejua kunyamaza. Tena ni yeye asemaye kwa ajili ya mwingine. Musa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito; Mungu akampa Haruni nduguye aseme na watu kwa ajili yake (Kutoka 4). Vivyo hivyo serikali ina msemaji wake.

2. HATIBU na MHUTUBU. Majina haya, pamoja na hotuba, yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa Waislamu, hatibu ndiye atoaye hotuba msikitini siku ya Ijumaa. Mhutubu ni mtu ye yote atoaye hotuba: chifu, mbunge, mkubwa wa shule. Kwa Kilatini ni orator. Ndivyo Vulgata inavyomwita Tertulo, aliyemshitaki Paulo mbele ya liwali Feliksi (Matendo 24). Alianza kwa kumsifu sana liwali, kisha akamsingizia Mtume. Ufundi alikuwa nao, ukweli, hapana.

3. MNADI. Kunadi ni kutangaza kwa sauti kubwa, kama sokoni. Mnadi hatungi habari. Aitoa ginsi alivyoipewa.

4. MHUBIRI. Kuhubiri na habari ni ndugu, mzizi wao ni mmoja. Jina hili halitaji ulimi wa mtu, lataja habari aliyo nayo. Paulo ajiita mhubiri na mtume pamoja (1 Tim. 2, 7), maana habari si yake, ametumwa nayo. Na Wadominiko, waliokubaliwa na Papa Honorius III katika mwaka 1216, jina lao ni Shirika la Wahubiri, si la wasemaji.

Je, tudharau basi ufundi wa kusema? Hasha. Mtakatifu Augustini alifundisha ufundi huo Karthago, Roma na Milano, kabla ya kubatizwa katika mwaka 387. Katika kitabu cha nne cha De doctrina christiana aeleza kwamba mhubiri ana kazi tatu: kufundisha, kupendeza, na kugeuza mioyo. Lakini aongeza neno moja. Kwa Kilatini orare ni kusema, tena ni kusali. Kwa hiyo ataka mhubiri awe kwanza mtu wa kusali, ndipo awe mtu wa kusema.

Basi, ndugu mseminari, nawe mwalimu wa katekisimu, wakikusifu kuwa msemaji, usifurahi upesi. Uwaulize kwanza: « Mmeshika habari gani? » Wakijibu vema, umehubiri. Wakikumbuka sauti yako tu, umesema.