Saluni Nzuri Hujua Kusema Hapana

Tuseme msichana mmoja anaingia saluni kijijini. Amebakiza wiki tatu aolewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

"Mama, nataka ning'ae siku ya harusi. Nichanganyie mkorogo."

Hapa mwenye saluni ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kufungua makopo, kuchanganya, kupaka na kupokea fedha. Njia ya pili ni kumtazama mteja na kumwuliza maswali. Njia ya kwanza ni ya haraka. Njia ya pili inaokoa afya ya mtu. Makala haya yanaeleza njia ya pili.

Kuna nini ndani ya mkorogo?

Mkorogo ni mchanganyiko wa losheni, krimu na dawa za kujichubua. Mara nyingi hata anayeuchanganya hajui kilichomo. Vitu vitatu vya hatari huonekana sana.

Cha kwanza ni zebaki. Ni ile ile wanayotumia wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Hupenya ngozi na kuingia katika damu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akijipaka, zebaki humfikia mtoto tumboni. Hata watoto wa nyumbani wasiojipaka huweza kuipata kwenye mikono ya mama, taulo na shuka.

Cha pili ni haidrokwinoni. Mwanzoni ngozi hung'aa. Ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa meusi kama ya moshi, hasa mashavuni na karibu na macho. Madoa hayo ni magumu sana kuondoka. Afrika Kusini ilipata tabu hiyo kwa miaka mingi, hata ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Cha tatu ni dawa za kundi la steroidi. Hizi ni dawa za hospitali. Daktari huzitoa kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Mtu akijipaka mwili mzima kila siku, ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi. Vidonda hupona polepole, hata vya upasuaji. Fangasi huenea. Huweza kuleta kisukari na shinikizo la damu.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tangu mwaka 2019, kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Hata hivyo, makopo hayo bado hupitishwa kwa siri na kuuzwa minadani.

Soma kopo

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Tumia elimu yako. Kabla ya kununua kopo au kumpaka mtu, tafuta maneno haya: Mercury, Calomel, Hydroquinone, Clobetasol, Betamethasone. Ukiona hata moja, liache kopo hilo.

Pia jihadhari na kopo linalokuambia uvue pete na mkufu kabla ya kupaka, au lisiguse fedha na dhahabu. Hiyo huweza kuwa dalili ya zebaki. Na kopo lisilo na maandishi kabisa usilikubali. Aliyelitengeneza hataki ujue kilichomo.

Mtazame mteja

Hata kipodozi halali hakimfai kila mtu kila siku. Mwenye saluni asipake, asisugue wala asinyoe kwa nta mahali penye kidonda, malengelenge, usaha, ukurutu au ngozi iliyoungua. Mambo mengine aulize kwa upole, mbali na masikio ya watu:

"Una mimba, au unanyonyesha?"

"Una kisukari?" Mwenye kisukari hupata vidonda visivyopona upesi.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Umewahi kuvimba au kuwashwa baada ya kupaka kitu?"

Mteja akijibu ndiyo, amwone kwanza mhudumu wa zahanati. Wala mtoto asipakwe dawa ya kujichubua hata kidogo. Mtu mwenye ualbino naye asichubuliwe wala kusuguliwa kwa nguvu. Ngozi yake inahitaji kukingwa na jua kwa kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua.

Ukitumia kipodozi kipya cha halali, kijaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono. Ngoja siku mbili. Pakivimba au pakiwasha, usitumie. Lakini kumbuka: jaribio hili halionyeshi zebaki. Zebaki huingia mwilini bila kuwasha.

Doa lisilofichwa

Turudi kwa yule msichana. Mwenye saluni hakufungua makopo. Alimtazama mabegani, akaona doa lililopauka kuliko ngozi nyingine.

"Hili doa linakuwasha?"

"Hapana, mama. Hata nikilifinya sisikii kitu. Ndiyo maana nataka mkorogo, rangi ilingane."

Doa lililopauka na lisilo na hisia huweza kuwa dalili ya ukoma. Kulipaka mkorogo ni kuficha moto chini ya majani. Ugonjwa huendelea kula mishipa, na mtu huweza kupata kilema. Lakini ukoma unatibika. Dawa hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12, na akianza kuzimeza haambukizi wengine tena. Akiwahi, hapati kilema.

Doa jeusi chini ya wayo au chini ya ukucha nalo lisifichwe. Likikua, likibadilika rangi au likitoa damu, huweza kuwa saratani. Mteja aende hospitali mapema.

Kama umeshajipaka

Usione haya. Nenda zahanati na kopo lako. Mweleze mhudumu umejipaka nini na kwa muda gani. Nenda upesi zaidi ikiwa mikono inatetemeka, vidole vinakufa ganzi, hupati usingizi, uso au miguu imevimba, au mkojo una povu jingi. Kama umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, mhudumu atakuongoza namna ya kuziacha, maana kuziacha ghafla kunaweza kukuletea madhara. Makopo yasichomwe moto wala yasitupwe karibu na kisima. Moshi wa zebaki ni sumu. Yafunge vizuri na umwulize afisa afya pa kuyapeleka.

Mwenye saluni alimwambia msichana, "Mwanangu, leo sikupaki. Kesho asubuhi twende wote zahanati." Alikosa fedha za siku ile. Lakini msichana alipata nafasi ya kutibiwa mapema, kabla ya kilema. Ama harusi, ina njia zake za kupendeza. Pwani bi harusi husingwa kwa liwa tangu zamani, na liwa haihitaji zebaki.

Zungumzeni katika kikundi chenu

1. Katika kijiji chenu, makopo ya kujichubua yanatoka wapi?

2. Leteni kopo moja la losheni. Someni pamoja maandishi yake. Mnaona nini?

3. Ungekuwa wewe mwenye saluni, ungemwambia nini msichana yule bila kumtia aibu?