Safari ya Mapango ya Chyulu: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kuondoka Mombasa

Wakazi wengi wa Kisiwani huijua Mtito Andei kupitia dirisha la basi au la treni, wakiwa njiani kwenda Nairobi. Wachache hushuka hapo. Hata hivyo, magharibi mwa mji huo ipo Milima ya Chyulu, yenye mapango yaliyotokana na moto wa volkeno. Na maji yanayozama ndani ya milima hiyo hutokeza katika chemchemi za Mzima, ambazo kwa zaidi ya miaka 60 zimekuwa zikilisha mifereji ya Mombasa.

Safari hii inafaa familia, vyama vya kina mama, vikundi vya vijana na wanafunzi. Lakini si safari ya kuanza kwa pupa. Tiketi za mbuga hazilipiwi kwa pesa taslimu langoni, pikipiki haziruhusiwi kuingia, na anayetegemea treni ya asubuhi huenda asipate ile ya kumrudisha siku hiyo hiyo.

Mapango ya aina gani?

Milima ya Chyulu ni michanga ikilinganishwa na milima mingine. Milipuko yake ya mwisho ilitokea katikati ya karne ya 19. Lava ilipokuwa ikitiririka, sehemu ya juu ilipoa ikaganda, huku ile ya ndani, ikiwa bado ya moto, ikiendelea kutoka. Kilichobaki ni handaki tupu. Hivyo ndivyo pango la Leviathan, lililo katika Mbuga ya Taifa ya Milima ya Chyulu, lilivyofanyika. Urefu wake ni takriban kilomita 11, na ni miongoni mwa mapango marefu zaidi ya aina yake duniani.

Pango la Shetani liko upande wa Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi, karibu na lango la Chyulu. Kando yake umelala uwanda wa lava nyeusi wenye urefu wa kama kilomita 8. Inasimuliwa kwamba wenyeji walioona moto huo ukibubujika kutoka ardhini walidhani ni shetani mwenyewe anatoka, na jina likabaki hapo.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, Shetani na Mzima zinatosha. Zote ziko ndani ya Tsavo Magharibi na zinaweza kutembelewa kwa siku moja. Leviathan iko katika mbuga nyingine yenye tiketi yake, na haiingiliki bila kiongozi anayelijua pango hilo.

Maji ya Mombasa yanaanzia huku

Juu ya Chyulu hakuna mto. Mvua ikinyesha, na ukungu ukinaswa na miti ya kileleni, maji huzama moja kwa moja katika majivu na mawe ya volkeno yenye matundu. Inakadiriwa kuwa maji hayo yanaweza kukaa chini ya ardhi kwa miaka 25 hivi kabla ya kutokeza Mzima, umbali wa kilomita 50. Kwa hivyo mtungi unaojazwa leo Kibokoni au Majengo huenda una mvua iliyonyesha wakati kijana wa miaka 25 alipokuwa akizaliwa.

Mzima hutoa zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Bomba lililoanza kazi mwaka 1957 huchukua sehemu ya maji hayo na kuyasafirisha kama kilomita 220 hadi Mombasa, likihudumia pia Voi na Mariakani. Yanayobaki huingia Mto Tsavo, ambao hukutana na Mto Athi na kuwa Galana. Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki, na kando ya Sabaki ndiko kuliko visima vya Baricho, chanzo kingine kikubwa cha maji ya mji wetu.

Kabla ya maji ya mfereji, Mji wa Kale uliishi kwa visima na birika za maji ya mvua. Wazee wanakumbuka visima vya misikitini, na hata leo mkokoteni wa mitungi haujaondoka mitaani, kwa kuwa maji ya mfereji hayatoshi. Ndiyo maana miti inayokatwa Chyulu kwa ajili ya makaa, na mioto inayoteketeza nyasi na msitu, si habari ya kaunti za mbali pekee. Hasara ya leo huenda ikaonekana mferejini baada ya miaka mingi, na wakati huo itakuwa vigumu kuirekebisha.

Kusafiri na kulala

Treni ya SGR inayosimama katika vituo vya kaunti huondoka Miritini saa mbili asubuhi, na husimama Mtito Andei. Wanaotoka Kisiwani watoke mapema ili wafike kituoni angalau saa moja kabla, kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo. Treni kama hiyo kutoka Nairobi nayo huondoka saa mbili asubuhi, hivyo huipita Mtito Andei kabla msafiri hajamaliza matembezi. Anayetumia treni hizi apange kulala usiku mmoja. Zipo hoteli mjini, na ndani ya mbuga zipo nyumba za wageni na maeneo ya kupiga kambi yanayohitaji kuhifadhiwa mapema.

Gari la kuingia mbugani lipangwe kabla ya kuondoka Mombasa. Kikundi kikikodi gari moja na kuchangiana, gharama hupungua. Gari liwe refu kutoka ardhini, hasa wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba.

Tiketi na stakabadhi

Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hufanywa kupitia eCitizen, na yanaweza kulipwa kwa simu. Ni vyema kulipa ukiwa bado mjini, mahali penye mtandao wa uhakika, na kuthibitisha ada za siku hiyo kwa KWS wenyewe. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa. Bila hicho, Mkenya anaweza kutozwa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa zaidi. Walimu wanaopeleka wanafunzi waulize mapema kuhusu ada ya vikundi vya shule na barua inayohitajika. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni.

Vya kubeba, vya kuacha

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani. Chupa za maji za dukani, vikombe na sahani za plastiki zibaki nyumbani. Badala yake, abiria wabebe chupa za chuma au za kutumika tena, na maji ya kutosha. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli ngumu, maana lava hukata kama kioo. Ndala hazifai. Kila mtu awe na tochi yake, na kikundi kiwe na betri za akiba. Mwangaza wa simu pekee hautoshi.

Usalama

Abiria hushuka garini mahali palipotengwa tu. Mzima na Shetani ni miongoni mwa sehemu hizo, lakini ni busara kwenda na askari wa KWS. Mzima ina viboko na mamba, na wanyama wakali huweza kujificha mapangoni.

Popo wasisumbuliwe, na kinyesi chao kisiguswe. Mwaka 1980 na 1987, wagonjwa wa virusi vya Marburg walibainika kuwa walitembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Hilo si sababu ya kuogopa kila pango, bali ni sababu ya kumsikiliza kiongozi anaposema msiingie hapa, na kunawa mikono kabla ya kula. Mtu akipata homa kali baada ya safari, amweleze daktari kwamba aliingia pangoni.

Watoto wadogo, wajawazito na wenye matatizo ya kupumua hawalazimiki kuingia gizani. Mzima ina njia ya miguu na chumba cha vioo kilichozama majini, ambamo samaki huonekana wakipita. Hapo hata bibi na mjukuu wake wataona, kwa macho yao, maji yanayosafiri hadi nyumbani kwao.